Pembe ya Kulia

Siku tuliyomzika Bibi yangu, adui yake wa miaka ishirini na ushei aliingia nyumbani kwetu na kitu kigumu chini ya buibui.

Sote tulikiona. Kilikuwa kimetokeza ubavuni.

Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Ya Rabbi, hata leo?"

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Machi, 1996. Wanaume walikuwa wameondoka na jeneza. Sisi wanawake tulikuwa tumejaa mikekani, macho mekundu, kahawa inapita.

Bi Johari hakusalimu mtu. Alipita katikati yetu mpaka kwenye kitanda cha Bibi, kile kilichokuwa kitupu sasa. Akaingiza mkono chini ya buibui.

Akatoa pembe.

Pembe ya nyati, nyeusi, imeng'aa kwa kushikwa. Akailaza juu ya kitanda, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Haya, Mwanatatu," akasema. "Ya kulia hii hapa. Umeshinda."

Halafu akalia kuliko sisi sote.

Ili mjue kwa nini nyumba nzima ilishikwa na bumbuwazi, lazima niwarudishe nyuma. Mtaniwia radhi. Naandika ili nisisahau, na mimi nikianza habari za Bibi sijui kufupisha.

*

Bibi yangu aliitwa Mwanatatu. Alikuwa mama yake baba, na ndiye aliyenilea, hapa Mtongwe, Likoni.

Wazazi wangu walikaa Changamwe. Baba alikuwa mtu wa vitabu na utulivu. Ngoma kwake ilikuwa kelele, na wimbo ulikuwa kelele yenye maneno.

Kwa Bibi ilikuwa kinyume. Bibi alikuwa kiongozi wa vugo.

Kwa wasiojua: harusini kwetu wanawake hujipanga, kila mmoja na pembe yake na kijiti. Hugonga, hutembea vichochoroni, huimba. Upande wa bibi harusi huwachokoza wa bwana harusi. Wale nao hujibu. Anayekosa jibu huenda nyumbani ameinama.

Sisi tulikuwa Mtongwe ya juu. Mtongwe ya bondeni iliongozwa na Bi Johari.

Hao wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, Bi Mwanatumu, aliyekuwa na pembe mbili za nyati mmoja. Alipofariki aliwaachia kila mtu moja. Bi Johari akapata ya kulia. Bibi akapata ya kushoto.

Bibi alisema ya kulia ndiyo ya kiongozi.

Bi Johari alisema, "Basi ndiyo maana ninayo."

Yakaishia hapo. Hawakusemeshana tena. Hata majina hawakutajana. Huyu alikuwa "yule wa bondeni," huyu "yule wa juu."

Lakini kila asubuhi Bibi alinituma kwa Bi Johari nikachukue vitumbua.

"Bibi, si mmegombana?"

"Tumegombana kwa pembe," alinijibu. "Vitumbua vina kosa gani?"

Basi kila alfajiri nilishuka bondeni na sahani tupu iliyofunikwa kitambaa, nikapanda na sahani iliyojaa. Njia nzima ni mimi na sahani.

*

Mwaka 1987 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba.

Mwaka huo shangazi yangu Mastura, kitinda mimba wa Bibi, alichumbiwa. Mchumba ni Badi. Na Badi ni nani? Mtoto wa dada yake Bi Johari, wa bondeni.

Mtongwe nzima ilichangamka. Hawakuichangamkia ndoa. Walijua vugo la mwaka limefika.

Wiki mbili kabla ya harusi, upande wa Badi ukaleta mbuzi.

Jamani, yule mbuzi.

Sina la kumzidishia. Alisimama uani akiegemea ukuta. Hata kuku walimwonea huruma.

Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nilikuwa na mazoea ya kugonga sufuria kwa kijiko nikiosha, ili kazi iishe upesi. Nikamtazama mbuzi. Kijiko kikagonga. Mdomo ukafunguka wenyewe:

*Mbuzi mmeleta gani, mbavu zinahesabika?*
*Kisu rudisheni ndani, kwa upepo 'taanguka.*

Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Nikajua leo napigwa.

"Salme."

"Abee, Bibi."

"Umeyasikia wapi hayo?"

"Sikuyasikia, Bibi. Yamekuja."

"Yamekuja." Akaja mpaka kwenye sufuria. "Rudia."

Nikarudia, sauti ikitetemeka.

"Usitetemeke. Mtu akitukana hatetemeki. Rudia."

Alasiri ile wanawake walikuja kwa mazoezi, kama arubaini. Bibi akawapa wimbo wangu bila kusema umetoka wapi. Akagonga pembe yake ya kushoto mara tatu.

Nikasikia wanawake arubaini wakiimba maneno niliyoyaokota kwenye sufuria.

Sijui niseme vipi. Nywele zilinisimama. Nilikimbilia chooni nikajifungia, nikakaa humo nikicheka peke yangu, mkono mdomoni.

Nilipotoka nilikuwa mtu mwingine. Sikutaka tena kuwa nesi.

*

Wiki ile ile, Ijumaa alfajiri, nikashuka kwa vitumbua.

Bi Johari alikuwa ameinamia chuma chake cha vitumbua, anageuza. Mwanamke mnene, mweupe, jicho moja dogo kuliko jingine. Lile dogo ndilo lililoona mengi.

"Shikamoo, Bi Johari."

"Marahaba. Yule wa juu hajambo?"

"Hajambo."

"Mbuzi wetu?"

Nikamnyooshea sahani.

"Nakuuliza mbuzi. Naskia ametungiwa wimbo." Akageuza kitumbua. "Wimbo una akili mpya. Wanawake wa juu nawajua mmoja mmoja, hakuna mwenye akili mpya. Ila kuna katoto kanakuja hapa na sahani, kanatembea kakigonga sahani kwa vidole."

Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa juu ya sahani. Kweli vilikuwa vinagonga.

"Bi Johari, nisamehe..."

"Nikusamehe nini? Nijibie."

"Nini?"

"Umetutukana, sasa tutetee. Nataka jibu kesho. La sivyo nitatangaza mtaani kwamba yule wa juu amekauka, anatungiwa na mtoto."

"Nitatungaje dhidi ya Bibi yangu?"

"Kama ulivyotunga dhidi ya mbuzi wangu. Nenda. Na hiki cha ziada ule njiani."

Nikapanda kilima na siri mdomoni na kitumbua mkononi.

Nilikuwa na hofu moja tu. Bibi akijua namtungia adui yake, atanirudisha Changamwe. Na Changamwe kwa Baba hakukuwa na sufuria ya kugonga.

Lakini haya nayo niyaseme, kwa kuwa naandika ukweli. Kabla sijafika nyumbani jibu nilikuwa nalo:

*Aliyehesabu mbavu, hana kazi huyo mtu;*
*Jikoni kwake majivu, hata moshi hana katu.*

Nilisimama njiani nikajionea haya. Tena nikajisifu. Yote mawili kwa pamoja.

*

Mama Karisa, jirani yetu, ndiye aliyekuwa gazeti la Mtongwe. Alitoka bondeni siku ya pili akihema.

"Bi Mwanatatu! Wamejibu!"

Akaimba. Bibi alisikiliza, kichwa upande mmoja.

"Majivu," akasema. "Ati jikoni kwangu majivu." Akamgeukia Mama Karisa. "Huyu anayemtungia yule wa bondeni ni nani?"

"Hajulikani."

"Ana ulimi, wallahi. Salme!"

"Abee!"

"Umesikia ulivyotukanwa?"

"Nimesikia, Bibi."

"Basi mjibu huyo mshenzi."

Mshenzi mwenyewe nikaingia ndani nikachukua daftari la hesabu.

Ukurasa wa kushoto niliandika za Bibi. Wa kulia niliandika za Bi Johari. Katikati nilikuwa mimi.

*Majivu ni ya pilau, tulikula tukanona;*
*Nyinyi hatukusahau, mna ukoko wa jana.*

Nilipoandika "ukoko wa jana" nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Halafu nikakumbuka kwamba kesho lazima niwe upande wa walioachiwa ukoko.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii. Kumshinda mtu mwingine ni rahisi. Mimi nilikuwa nashindana na mtu aliyejua kila hila yangu, aliyejua nitakapoegemea kabla sijaegemea. Kila nikijenga ukuta, kesho yake nautafutia ufa.

Walimu walilalamika. Hesabu zangu zilikuwa na vina lakini hazikuwa na majibu.

Na Bibi? Bibi alinawiri. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na kila Alhamisi alikwenda kliniki kule Likoni. Wiki hizo alirudi kutoka kliniki akitabasamu. "Imeshuka," alisema. "Daktari mwenyewe ameshangaa."

Mimi nikadhani ni dawa.

*

Siku tatu kabla ya harusi, Bi Johari akataka wimbo wa mwisho. Ule wa siku yenyewe.

"Nataka wa kumaliza. Wasiweze kujibu."

Nikakaa na ukoko wangu. Ukoko unataka meno. Meno...

Hapa nina aibu hadi leo.

Bibi alikuwa amebakiwa na meno mawili, na hayo yalimuuma. Mwezi ule mzima hakuweza kutafuna. Mama Karisa alimletea uji kila jioni kwa mlango wa nyuma, mtu asione, maana kiongozi wa vugo hataki kujulikana kwamba hana meno. Siri ile ilikuwa ya watu watatu: Bibi, Mama Karisa na mimi.

Na neno likaja.

Likaja zuri, limetimia, limejipanga lenyewe. Nikalikataa. Nikatafuta jingine. Kila jingine lilikuwa bovu mbele yake, kama yule mbuzi.

Nikashindwa kuliacha. Nikashuka bondeni nikampa Bi Johari.

Alisikiliza. Jicho lake dogo likafumba kabisa.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndio," nikasema.

Nilikuwa na hakika na wimbo. Lililobaki sikuliuliza.

*

Siku ya harusi, vikundi viwili vya vugo vikakutana kwenye kichochoro cha msikiti wa zamani. Sisi tukishuka, wao wakipanda. Pembe themanini. Ardhi ilikuwa inatikisika.

Mimi nilisimama kando ya Bibi, na pembe ndogo ya kuazima.

Tukapiga ukoko wetu. Watoto wakashangilia. Wanaume walichungulia madirishani wakijifanya hawachungulii.

Kisha Bi Johari akainua pembe ya kulia. Pembe zote zikasita.

Wakaanza:

*Ukoko tumetafuna, meno tunayo kinywani;*
*Wenzetu meno hawana, wanywa uji wa jirani.*

Kichochoro kikalipuka. Mama Karisa alijifunika uso kwa leso.

Na mimi? Mimi nilifanya kosa ambalo mtunzi peke yake hulifanya.

Nilikuwa naimba.

Midomo yangu ilikuwa inaimba pamoja nao. Neno kwa neno. Hata si pamoja: nilikuwa nimewatangulia kidogo, naona kama watakosea pale penye "wanywa." Wimbo wa adui, ndio kwanza unasikika, nami tayari naujua wote.

Nikahisi jicho. Nikageuka.

Bibi alikuwa ananitazama mdomoni.

Midomo ikaganda.

Bibi akavuta leso akajifunika kinywa. Mabega yakaanza kutikisika. Kiongozi wa vugo, mbele ya watu wote, analia, na aliyemliza ni mimi niliyekula chakula chake.

Hatukujibu. Tuligeuka tukapanda kilima. Kwa mara ya kwanza Mtongwe ya juu ilirudi imeinama.

*

Jioni nilifunga nguo zangu kwenye kikapu. Nikakaa kitandani kungoja.

"Salme."

"Abee, Bibi."

Aliingia. Akakitazama kikapu. Akakaa.

"Ule wimbo wa uji. Uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ulikuwa mzuri?"

Ningeweza kusema la. Ningeweza kulia, kuanguka miguuni, kuomba radhi. Lakini aliniuliza swali la kazi, na kwenye kazi Bibi hakunifundisha uongo.

"Ulikuwa mzuri, Bibi."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ujibu," akasema. Akainuka. "Na kesho usichelewe vitumbua."

Hayo tu. Kikapu nilikifungua mwenyewe.

Sikuujibu. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilimaliza shule ya msingi, nikaenda sekondari, nikamaliza, nikaanza kutungia harusi za Likoni nzima na hata ng'ambo ya kivuko. Nyimbo nyingi. Ila wa uji haukupata jibu.

Bibi alikuwa akiniuliza tu, siku nisizotarajia. Ananipiga jicho juu ya kikombe.

"Umepata?"

"Bado, Bibi."

"Mh. Yule wa bondeni alipata mtunzi hasa."

Miaka tisa alinitania hivyo. Miaka tisa sikuthubutu kumwambia, ingawa alijua, nami nilijua anajua.

*

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi. Pembe ya kulia juu ya kitanda. Bi Johari analia.

Alipomaliza, akajifuta kwa ncha ya buibui, akaniita.

"Salme, ndoo hapa."

Nikaenda nikakaa karibu yake.

"Leo alikuwa aje kliniki," akasema. "Nimemwekea nafasi kwenye benchi tangu saa moja. Nesi akaniuliza, mama, mwenzako yuko wapi? Nikamwambia anakuja, huyo ana maringo. Nikakaa mpaka saa nne. Ndipo nikapata habari."

Sikuelewa. "Mwenzako nani?"

"Wewe mtoto umesoma bure? Nina presha mimi. Yeye ana presha. Kliniki ya presha ni Alhamisi. Ulidhani tunakaa benchi tofauti?"

Wanawake mikekani walisogea karibu. Aliyekuwa akigawa kahawa aliweka birika chini.

"Mume wangu alipokufa, mwaka wa sabini na tisa, Mwanatatu aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma. Akanioshea vyombo siku tatu, bila neno. Ugomvi uliisha pale kwenye karai."

"Lakini... hamkusemeshana! Miaka yote!"

"Na vugo je?" Aliniuliza kama mtu anayeuliza jambo la wazi. "Tukipatana hadharani, nani atamwimba nani? Vugo bila mpinzani ni kugonga mifupa tu. Tukasema, tugombane mbele ya watu. Tupatane Alhamisi."

Mama Karisa, gazeti zima la Mtongwe, alikuwa ameachama mdomo. Habari kubwa kuliko zote ilimpita.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulimwimba mbuzi. Alhamisi ile alikuja benchini hajakaa, ananiambia, Johari, katoto kana moto, lakini nikikasifu katalala. Moto wa sifa hauivishi kitu. Kanataka mtu wa kujibizana naye, na hapa Mtongwe hakuna wa kukafikia. Nikamwambia, basi kajibizane kenyewe. Mimi nitakuwa adui."

Kisha nikauliza la kijinga, ndilo lililonijia.

"Hata mbuzi mlipanga?"

"La," akasema Bi Johari. "Mbuzi alikuwa mwembamba kweli. Hilo nilikasirika."

Mtu mmoja akacheka. Akajiziba. Akacheka mwingine. Msibani, jamani.

Nilitaka kucheka nami, lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokibeba miaka tisa.

"Bi Johari. Ule wa uji. Nilimliza."

"Ulimliza?"

"Alijifunika leso. Mabega yakamtikisika."

Akanitazama kwa yale macho mawili yasiyolingana.

"Alikuwa anacheka, mwanangu. Alicheka mpaka akajikojolea kidogo, ndiyo maana aliwageuza upesi. Aliniambia mwenyewe. Na kila Alhamisi alinishika goti: hebu niimbie ule alionichoma nao mjukuu wangu. Nesi alikuwa akitugombeza. Ati nyinyi wazee mnapandisha presha za wenzenu."

Hapo nililia. Kile kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinanikataa.

Na katikati ya kilio, bila kukiita, kijiko kikagonga mahali ndani yangu. Nikainama sikioni mwa Bi Johari.

"Nimepata jibu," nikamwambia.

"Sema polepole. Hapa ni matangani."

Nikamsemea, bila mahadhi, kwa pumzi tu:

*Uji tuliunywa sote, kikombe kimoja chetu;*
*Meno na yatoke yote, kicheko kibaki kwetu.*

Alifumba macho. Akahesabu mizani kwa vidole, juu ya goti, kama alivyofundishwa na Bi Mwanatumu.

"Umechelewa," akasema.

Halafu akanishika mkono.

"Lakini umejibu."

*

Watu huniuliza nilijifunza wapi kutunga. Hutaka niseme ni kipaji, au redio, au shule.

Mimi husema hivi: wengine waliombewa marafiki wema, mimi niliazimwa adui. Kama una mtoto nyumbani anayegonga sufuria, usimsifu sana. Mtafutie wa kumjibu. Na ukimwona mtu amejifunika leso, mabega yanatikisika, muulize kabla hujajihukumu. Mimi sikuuliza, na miaka tisa ni mingi.

Bi Johari naye alifariki mwaka 2003. Haikuwa Alhamisi.

Pembe zote mbili ziko kwangu, juu ya kabati. Jumamosi hii kuna harusi bondeni, na mbuzi ameletwa jana. Nitagonga ya kushoto. Ya kulia nitampa kiongozi wa upande wa pili, aigonge mpaka tumalize, kisha anirudishie.